Eti Fruity ni ya watoto! Hela ya kwaya ya Mabamba iacheni

Najua nimepotea, test zilibana na bumu limechelewa kama kawaida yake, kwa hiyo wiki hii hamna stori za kantini. Leo nina ugomvi. Ugomvi wenyewe ni wa programu za kutengenezea muziki, na kama we sio mtu wa studio usikimbie kwanza, maana ndani yake kuna hela za watu, milioni moja na laki tisa, hela za maharage, na zinataka kuliwa na ushauri mbovu uliotoka hapahapa hosteli kwetu.

Kule nyumbani Mabamba (kwa msiopajua, ni wilaya ya Kibondo, mpakani kabisa na Burundi, watu wanapenda kusema Kigoma mwisho wa reli, sie wa huku juu hata hiyo reli hatuioni) kuna kwaya imeuza maharage ya shamba lao misimu miwili ili warekodi. Mwenyekiti wao kwangu ni baba mkubwa. Akanipigia kuuliza, kwa kuwa mie ndo niko chuo, wanunue nini na wafanyie wapi. Sasa chumbani alikuwepo mshkaji wa ghorofa ya juu, sie tunamwita Mtaalamu, akaomba simu, shikamoo mzee, akamwaga sera dakika kumi: nunueni Mac, hata ya mtumba, muweke Logic, ndo wanayotumia wenzetu duniani, imeandikwa hata kwenye magazeti ya Uingereza. Mzee akauliza, na huyu kijana wetu wa hapa mwenye laptopu, anayetengeneza biti za Fruity? Mtaalamu akacheka. Akasema ile mzee ni ya watoto, ni kama gemu.

Ndo hapo nilipochemka. Kwanza kwa sababu mzee hakupaswa kuchekwa. Pili kwa sababu Mtaalamu hajawahi kurekodi kwaya hata moja, ana magazeti tu. Anayo rundo kweli, ya mitumba, kayanunua kwa wauza vitabu wa chini mjini, na anayasoma kama Biblia. Nami nimeyasoma hayohayo, nimeyaazima kwake. Tatizo ni kwamba Mtaalamu hajajiuliza yaliandikwa kwa ajili ya nani.

Tuanze na programu zenyewe, maana watu wanabishana "ipi kali" kama vile ni Simba na Yanga. Kila moja ilizaliwa ikiiga kifaa fulani na kazi fulani ya mtu fulani. Cubase ilitoka 1989, kampuni ya Steinberg ya Hamburg, kwenye zile kompyuta za Atari ST. Ukiifungua unaona mistari mirefu kutoka kushoto kwenda kulia, kila chombo na mstari wake, muda unatembea juu yake kama kanda. Pro Tools, 1991, kampuni ya Digidesign ya Marekani, ndo kabisa iliiga kanda na meza kubwa ya kuchanganyia sauti, na mpaka toleo la 9 la mwaka 2010 ilikuwa haifanyi kazi mpaka uwe na kifaa cha kampuni hiyohiyo au ya ndugu yake. Yaani unanunua programu na pingu yake. Logic ilikuwa ya Wajerumani wa Emagic, Apple wakainunua 2002, na wale wote waliokuwa wanaitumia kwenye Windows wakaambiwa kwaheri. Hizi tatu zote zinadhani jambo moja: kwamba kuna watu wamekuja kupiga, wewe umekaa nyuma ya kioo, kazi yako ni kubonyeza kitufe chekundu na kupanga walichopiga.

Live ya Ableton, Berlin, 2001, inadhani kitu kingine, kwamba uko jukwaani na unarusha vipande vya muziki kimoja kimoja kadiri watu wanavyocheza. Reason ya Wasweden wa Propellerhead, 2000, ni kabati la vyombo. Ukibonyeza Tab kabati linageuka unaona waya kwa nyuma, unachomoa huku unachomeka kule. Kitu kizuri sana kile, sina ubishi. Lakini sikilizeni: Reason ilikaa miaka zaidi ya kumi, mpaka toleo la 6 mwaka 2011, bila uwezo wa kurekodi sauti ya mtu ndani yake yenyewe. Hata kukohoa huwezi kurekodi. Sijasikia mtu akiiita ya watoto. Ilitoka Stockholm, ina kabati linalofanana na vyombo vya bei mbaya, basi ikaheshimika.

Sasa Fruity. Ilianza 1997, Image-Line ya Ubelgiji, mwandishi wake Didier Dambrin, na mwanzoni ilikuwa mashine ya ngoma tu: mstari wa vitufe 16, hapa kiki, hapa snea, hapa hati, unabonyeza vinawaka, kinazunguka na kuzunguka huku unabadilisha. Baadaye wakaongeza kinanda cha kuchora nota, wakaongeza mahali pa kupanga vipande, 2003 wakabadilisha jina ikawa FL Studio, lakini roho ni ileile. Unatengeneza kipande kidogo kinachozunguka, unakipenda, unatengeneza kingine, halafu unavipanga kama matofali. Fruity haikuulizi bendi yako iko wapi. Inadhani uko peke yako, usiku, una mausi na hedifoni moja inayosikika sikio la kushoto tu. Wadau, kuna programu gani nyingine imewahi kumdhania mtu wa Mabamba kwa usahihi namna hiyo?

Na ndo maana ilienea huku kwetu kama mafua. Miaka ya 2000 mtindo wa vyumba vingi vya kurekodia ulikuwa huo: biti unaipika kwenye Fruity, unaitoa kama faili moja la WAV, unahamia Cubase au Nuendo, au Cool Edit kwa wale wa hali ya chini (Cool Edit Adobe waliinunua 2003 wakaiita Audition), msanii anaingia chumba chenye magodoro ukutani, anaimba. Programu mbili kwa wimbo mmoja. Mtu aliyesoma magazeti ya nje angesema hiyo ni fujo. Mie nasema ni akili: kila chombo kimefanya ilichozaliwa nayo. Hakuna kitabu kilichowafundisha wale watu. Waliona wenyewe.

Narudi kwa kwaya, maana hapa ndo Mtaalamu kakosea mara mbili kwa mpigo.

Ile kwaya ni watu 32 na kinanda cha Yamaha, cha zile rithimu zake za ndani. Waliwahi kwenda kurekodi huko nyuma, studio moja ya mjini, sitaitaja. Wakapanda lori la mihogo, wakafika wamechoka, wakaambiwa waingie wanne wanne. Soprano kwanza, na hedifoni, na ule mlio wa tik tik tik wa kuhesabia. Halafu alto. Halafu tena, halafu besi. Mwalimu wa kwaya akaambiwa akae nje, anapoteza nafasi. Kanda ilipotoka kila sauti ilikuwa safi kabisa na kwaya ilikuwa imekufa. Baba mkubwa alisema inafanana na watu wanaoimba kila mmoja nyumbani kwake. Ukweli ndo huo, ndivyo walivyoimba! Kwaya ya kijijini inapumua kwa mkono wa mwalimu, inapunguza mwendo kwenye ubeti wa huzuni, inaongeza kwenye kiitikio, wale wa besi wanawasikiliza akina mama kabla hawajaingia. Ukiwatenga na kuwawekea tik tik umewaondolea kila wanachotumia kuimba.

Lile kosa halikuwa la programu. Fundi aliiga utaratibu wa kurekodi bendi ya Ulaya, chombo kimoja kimoja, kwa sababu mistari ya kwenye skrini ndivyo inavyokualika ufanye. Sasa mkiwanunulia Mac na Logic na hakuna aliyebadilisha utaratibu, wataua kwaya kwa milioni moja na laki tisa badala ya kuiua kwa laki tatu.

Mie nilichomwambia baba mkubwa ni hiki. Msiende popote. Rekodini palepale kanisani, usiku, mvua isiwe inanyesha kwenye mabati. Tandikeni mikeka na mapazia ukutani kupunguza mwangwi, sio kuumaliza, mwangwi kidogo ni mzuri. Watu wasimame nusu duara kama Jumapili, mwalimu mbele yao. Maiki mbili mbele kwa kwaya yote, moja kwa muimbishaji, kinanda kiingie kwa waya moja kwa moja. Mnaimba wote kwa pamoja, mwanzo mpaka mwisho, mara nne, halafu mnachagua iliyo bora. Fundi anasogeza watu, sio vitufe: besi wakizidi warudi hatua mbili. Vinavyohitajika ni kifaa cha kuingizia sauti chenye matundu manne, maiki tatu za kawaida, waya na stendi. Laptopu ipo, ya yule dogo aliyechekwa. Na programu ni REAPER.

Hapa Mtaalamu akasema hajawahi kuiona REAPER kwenye jalada la mbele. Ndo hapo sasa! Aliyeianzisha ni Justin Frankel, yuleyule aliyetuletea Winamp mwaka 1997, na ni nani kati yetu hakuwa na Winamp? Toleo la kwanza rasmi la REAPER ni la 2006. Inashuka kwa MB chache hata kwa bando la kuungaunga. Unaijaribu siku 60 bila kufungiwa kitu, na leseni ya watu wadogo ni dola 60. Logic peke yake, ukishakuwa na hiyo Mac, ni dola 200 hivi tangu Apple waliposhusha bei 2011. Na REAPER inafanya kazi kwenye laptopu iliyozeeka, kitu ambacho Logic hata kukujibu haikujibu, kwa sababu Windows ilishafukuzwa.

Mmeona sijaipendekeza Fruity kwa kwaya? Siku hizi inarekodi sauti vizuri tu, ila watu 32 wanaoimba dakika sita bila mlio wa kuhesabia sio kipande cha kuzungusha. Kwa hiyo msije mkanibandika jina la shabiki wa Fruity. Ninachokataa ni kupanga programu kwa heshima, ya wakubwa na ya watoto, halafu kwenda kumcheka mzee kwa mpangilio ambao hatukuutunga sie.

Mpangilio huo umetoka wapi? Sound on Sound lilianza 1985, linatoka Cambridge, bado lipo, na nasema bila kinyongo kwamba ni gazeti zuri: mtu akikagua maiki humo anaikagua kweli. Lakini soma utaona msomaji wao ni nani. Ni mtu mwenye chumba kilichojengwa, mwenye wapigaji wa kuja kupiga, mwenye kadi ya benki. Kwa miaka mingi walikuwa na kurasa za kila mwezi za mbinu, za Cubase peke yake, za Logic peke yake, za Pro Tools, za Reason, na baadaye za Live. Mwezi hadi mwezi, mbinu juu ya mbinu. Fruity, kwenye nakala zilizopita mikononi mwangu, utaikuta siku toleo jipya limetoka, wanaisifu, kisha kimya. Pindua ukurasa unakuta tangazo la nusu ukurasa la kifaa cha kuchomeka kwenye hizohizo zinazofundishwa kila mwezi. Sisemi mtu kahongwa, sina ushahidi na siutafuti. Gazeti linaishi kwa matangazo, na muuza vifaa hana cha kumuuzia mtu wa Fruity, maana mtu wa Fruity hanunui vifaa. Hana habari nao. Ana mausi.

Computer Music, la 1998, lilikuwa na moyo zaidi. Lile lilitengenezwa kwa ajili ya watu wa vyumbani, likaja na sidii ya sauti za bure ndani yake, na Fruity lilikuwa linaifundisha. Mtaalamu anazo nakala zake, ila hazitaji, kwa sababu hazimpi hadhi. Lile na mwenzake Future Music la 1992 yalifungwa yote mawili 2024. Yaani Mtaalamu anatishia watu kwa magazeti, na mengine yameshazikwa.

Na huku magazeti yanaandika ya kwao, maisha yaliendelea. 9th Wonder alitengeneza biti kwa Fruity na ikaingia kwenye The Black Album ya Jay-Z mwaka 2003. Soulja Boy akatoka na Crank That 2007, Fruity hiyohiyo. Watu wakasema aah, bahati. Njoo nyumbani: singeli, vyumba vya uswahilini Dar, kompyuta kimeo, kasi inavuka mapigo 200 kwa dakika, vijana walianza kwa kuchukua taarab na kuikimbiza kwa programu ya ma-DJ. Mwaka 2017 Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa Sounds of Sisso, kutoka studio ya Sisso, na ghafla waandishi wa Ulaya wanaandika kuhusu Mburahati. Wamechelewa miaka zaidi ya kumi, lakini walikuja.

Nimewasema Waingereza, sasa niwaseme wa kwetu, na hapa nina hasira zaidi. Waingereza hawana deni na sisi. Gazeti la kwao limeandika kazi ya kwao. Sisi magazeti yetu yaliandika nini? Mnayakumbuka, Ijumaa, Risasi, Amani, yalikuwa yanagombewa stendi. Nani anatoka na nani, nani kampa nani gari, nani kafumaniwa gesti. Muziki wa kizazi kipya ulijaza kurasa miaka na miaka, na ungeweza kuyasoma yote tangu mwanzo mpaka mwisho usijue wimbo unarekodiwaje. P-Funk Majani na Master Jay kila mtu anawajua kwa jina, na kwa sehemu kubwa tunawajua kwa sababu wasanii waliwataja ndani ya nyimbo. Maiki waliiweka wapi? Sauti ya kurudia waliirekodi mara ngapi? Biti ilianza na besi au na ngoma? Haya yalikuwa maswali ya nusu saa, kinasa sauti mezani na soda mbili. Hakuna aliyeenda kuuliza, au kama yupo aliyeuliza mhariri alitupa kapuni akaweka picha ya msanii ufukweni.

Mfano wa nyumbani kabisa. 2012 wasanii wenye asili ya Kigoma waliungana, Kigoma All Stars, wimbo Leka Dutigite, jina la Kiha, akina Mwasiti, Linex, Ommy Dimpoz, Ali Kiba, na Zitto Kabwe akiwa nyuma ya shughuli. Kwetu ilikuwa sikukuu. Nimewahi kukaa kutafuta kila kilichoandikwa juu ya wimbo ule: nani kaimba, nani kasusa, wanasiasa wanatafuta nini. Sauti za watu wote wale, kila mmoja na ratiba yake, ziliunganishwaje zikakaa wimbo mmoja? Hicho ni kitu ambacho dogo wa Mabamba angekisoma mpaka karatasi ichanike. Sikukiona popote.

Sasa huyo dogo. Mnadhani nazungumza maneno matupu, ngoja niwape hasara yenyewe ilivyo.

Dogo ana sikio zuri kuliko sisi wote hapa hosteli. Anatengeneza biti za harusi, za kampeni, za wale wa bodaboda. Lakini kwa miaka mitatu kila alipojaribu kuingiza ngoma za kwetu, zile za harusini zinazokwenda kwa tatu-tatu, zilikuwa zinachechemea. Kila mtu alikuwa anasikia, akina mama wakianza kucheza wanaacha. Akaamini ngoma zetu "haziingii kwenye kompyuta". Kawaambia hivyo na wenzake, ikawa elimu. Wakaanza kuzinyoosha ngoma ziende kwa nne, na kasi wameiacha kama programu ilivyofungua, 140 kwenye matoleo ya zamani. Sikilizeni biti za vijana wa huko, nyingi zina mwendo mmoja. Mnadhani ni ladha? Ni kitufe ambacho hakijaguswa.

Likizo iliyopita nilikaa naye. Fruity inafunguka na vitufe 16 kwa sababu imeambiwa kila pigo ligawanywe mara nne na kuwe na mapigo manne. Ukienda kwenye mipangilio ya projekti, pale pa "Beat", ukabadilisha 4 ikawa 3, vitufe vinakuwa 12. Basi. Ni hiyo tu. Na toleo la 20 la mwaka 2018 lilileta hata uwezo wa kubadilisha hesabu katikati ya wimbo. Dogo alibonyeza kiki ya kwanza, ya nne, ya saba, ya kumi, akaongeza ngoma ndogo katikati yake, akakaa kimya. Kisha akamwita dada yake aje asikilize. Miaka mitatu, wadau, kwa kukosa sentensi mbili za Kiswahili. Ngoma za majirani zetu wa Burundi ziliingizwa UNESCO 2014 kama urithi wa utamaduni usioshikika, na za kwetu upande huu wa mpaka zinanyooshwa ziende kwa nne kwa sababu hakuna aliyeandika kitufe kiko wapi.

Mtaniambia YouTube ipo. Ipo, na wapo Watanzania wanafundisha vizuri, nawapa heko. Lakini video ya saa nzima ni bando la wiki kwa mtu wa Mabamba, na mwalimu anaanza na dakika tano za "usisahau kubonyeza kengele". Karatasi moja iliyoandikwa inapita kwa flashi, inapita kwa WhatsApp, inabandikwa ukutani. Na umeme nao una yake: Kibondo na Kasulu zimeungwa gridi ya taifa 2022 tu, kabla ya hapo ni majenereta ya dizeli na mgao, kwa hiyo huyu dogo kazoea kufanya kazi kwa betri, haraka, na kusevu kila baada ya dakika mbili. Mnajua toleo la kujaribia la Fruity? Linakuruhusu kusevu, ila ukishafunga halikuruhusu kufungua ulichosevu mpaka ulipie. Kwa hiyo hata anayekataa kutumia ya kukraki anatakiwa amalize wimbo kabla betri haijaisha. Gazeti gani la Uingereza lingewahi kufikiria kuandika hilo? Sio kosa lao. Kwao umeme haukatiki.

Mtaalamu akiulizwa haya anajibu "lakini kwenye soko la kimataifa...". Soko gani? Kwaya inataka kuuza kwenye mikutano ya injili Kibondo, Kakonko na Kasulu, na ipigwe redioni, ambako hakuna msikilizaji atakayeuliza ilirekodiwa kwa programu gani. Kama baba mkubwa alikuwa anasikia vizuri kanda imekufa bila kujua Logic ni nini, basi yeye ndo mkaguzi wangu, sio jalada la gazeti.

Kwa hiyo nimeanza kuandika. Kurasa nne mpaka sasa, Kiswahili cha kawaida, kwa kufuata kazi ya dogo mwenyewe: jinsi ya kupata vitufe 12, jinsi anavyotoa WAV na kuhamia REAPER, jinsi ya kusimamisha watu 32 kwa maiki mbili, na nini cha kusevu kwanza betri ikibaki asilimia kumi. Nyie wa mikoani mnaojua watu wa studio huko kwenu, Tabora, Songea, Lindi, popote, nendeni mkakae nao jioni moja muandike wanafanyaje, hatua kwa hatua, hata kama mnaona ni jambo dogo. Msiandike nani anatoka na nani, hayo tunayo ya kutosha. Kwaya inarekodi likizo ya mwezi wa kumi na mbili. Maiki mbili tumepata kwa bei ya kuongea, tunatafuta stendi moja ndefu ya kuazima, na Mtaalamu anayo.